Kikorea Hakisemwi na Mtu Mmoja

Ujumbe uliingia kwenye simu yangu ukiwa na sahihi ya herufi za Kikorea: 무쿠유니. Nikazisoma taratibu, mu-ku-yu-ni. Mukuyuni, kaunti ya Makueni. Aliyeuandika ni binti aliyemaliza kidato cha nne, na swali lake lilikuwa moja: "Mwalimu, mwaka wa tatu huu natazama tamthilia za Kikorea. Siku hizi nazielewa hata nisiposoma maandishi ya chini. Mbona nikifungua mdomo hakitoki kitu?"

Nitamjibu hapa, maana wanaouliza hivyo ni wengi. Lakini nianze na ile sahihi.

Mukuyuni ni neno la Kikamba, mahali penye mkuyu. Wenye lugha yao huandika mũkũyũ, na ile ũ haitamkwi kama u ya Kiswahili. Iko chini kidogo, inaelekea o. Hata kile kiambishi cha mahali kinachofunga jina ni -nĩ, na ĩ hiyo inaelekea e. Kikamba kina irabu saba, ila vibao vya barabarani vimeandikwa kwa tano. Kikorea nacho kina irabu nyingi kuliko Kiswahili, na herufi yake ㅗ inakaribia sana ile ũ ya Kikamba. Binti huyu angejisikiliza anavyotaja kwao, angeandika kitu kama 모코요네, mokoyone. Badala yake alichukua tahajia ya kibao akaihamisha herufi kwa herufi. Ameandika anachokiona, hakuandika anachokisema. Ndivyo alivyojifunza Kikorea chote: kimepitia machoni, kikatua kichwani, na njia ya kwenda kinywani haijawahi kukanyagwa.

Watu watamuuliza kwanza kwa nini asijifunze Kichina. Wachina Makueni wanawaona. Ndio waliojenga reli mpya iliyoanza kubeba abiria mwaka 2017 ikipitia Emali, Kibwezi na Mtito Andei, na ndio waliopewa kazi ya bwawa la Thwake. Wakorea wako karibu vilevile, ila hawaonekani sana. Kule Konza, kwenye ardhi ya Malili mpakani mwa Makueni na Machakos, upo mradi wa chuo cha sayansi na teknolojia, Kenya-AIST, unaogharamiwa kwa mkopo wa Benki ya Exim ya Korea wa karibu dola milioni 95, na kielelezo chake ni KAIST, chuo mashuhuri cha mjini Daejeon. Upo pia ufadhili wa masomo wa serikali ya Korea, GKS, ulioanza mwaka 1967. Anayeupata husoma lugha mwaka mzima kabla ya kuanza shahada, na anatakiwa kufikia daraja la tatu la mtihani wa Kikorea, TOPIK. Aliyekwisha kufika la tano au la sita huruka mwaka huo.

Halafu kuna ndoto ya kazi, inayovuta wengi na kunenepesha matapeli. Hapa niseme wazi. Korea huchukua wafanyakazi wa viwandani na mashambani kutoka nje kupitia mfumo uitwao EPS, ulioanza mwaka 2004. Ni mapatano ya serikali kwa serikali, wakala binafsi hana kiti humo, na kwa miaka ishirini ya kwanza nchi zote zilizokuwamo zilikuwa za Asia. Kwa hiyo mtu akikuketisha hotelini mjini Wote, akakuambia toa laki mbili upate cheti cha Kikorea na kazi ya kiwandani Busan, maliza chai yake uondoke.

Binti wa Mukuyuni hakuvutwa na kazi wala ufadhili. Alivutwa na tamthilia, na kwangu hiyo ni sababu njema kuliko zote, maana mtu hujifunza lugha ya watu anaotaka kusikia habari zao. Tatizo ni kwamba tamthilia humpa masikio tu. Mtafiti wa Kanada, Merrill Swain, alilieleza jambo hili mwaka 1985 baada ya kuwafuatilia watoto wa Kiingereza waliosomeshwa kwa Kifaransa miaka kadhaa. Masikio yao yalikaribia kuwa sawa na ya wenye Kifaransa wenyewe. Midomo yao ilikuwa nyuma sana. Sababu aliyoitoa ni nyepesi kuieleza: anayesikiliza anaweza kukisia maana kwa maneno mawili matatu na sura ya msemaji, lakini anayesema hana cha kukisia. Lazima achague kila kipande cha sentensi yeye mwenyewe, na asipolazimishwa kuchagua, hachagui kamwe.

Hata wenye mtihani walichelewa kuliona hili. TOPIK ulianza mwaka 1997. Ngazi yake ya chini, TOPIK I, ni kusikiliza na kusoma tu, alama 200 kwa jumla. Ukipata 80 una daraja la kwanza, 140 la pili. TOPIK II inaongeza kuandika. Mtihani wa kusema ulikuja mwaka 2022, nao unafanywa peke yake. Maana yake, kwa robo karne mtu aliweza kupata cheti cha daraja la sita, la juu kabisa, bila kuwahi kumjulia hali Mkorea hata mmoja.

Kwa lugha nyingine ningesema ni upungufu wa kawaida. Kwa Kikorea ni zaidi ya hapo.

Kikorea huweka kitenzi mwisho: mimi Mukuyuni kutoka nimekuja. Hilo halisumbui muda mrefu, wiki mbili tatu ulimi unazoea. Kinachosumbua ni mkia wa kitenzi. Kwenda ni gada. Ukimwambia rika lako kwamba unaenda, utasema ga. Ukimwambia mtu usiyemzoea, au aliyekuzidi umri, gayo. Mbele ya kikao au wageni rasmi, gamnida. Na kama anayekwenda ni mtu wa kuheshimiwa, unachomeka heshima katikati ya kitenzi na mambo yanakuwa gaseyo. Hakuna mkia wa wote. Kabla hujaimaliza sentensi yako, hata kama ni ya kusema mvua inanyesha, lazima uwe umeshaamua aliye mbele yako ni nani kwako. Ndiyo maana Mkorea hukuuliza umri mapema, jambo ambalo wageni wengi huliona ni upekuzi. Anatafuta mkia wa kutumia.

Mtu akijifunza peke yake chumbani hana wa kumwamulia hilo. Mbele yake kuna ukuta au kioo cha simu, na hivyo havina umri.

Niliwahi kuaibika kwa jambo hili. Nilikuwa mgeni wa familia moja, na mama mzazi wa mwenye nyumba, bibi wa miaka sabini na kitu, akaja kuketi karibu nami baada ya wengine kula. Nikataka kuonyesha ujuzi. Nikamuuliza: bap meogeosseo? Umekula? Sarufi ilikuwa sawa na matamshi hayakuwa mabaya, lakini meza nzima ikanyamaza. Nilikuwa nimemsemesha bibi kama mtoto aliyerudi kutoka shuleni. Chakula cha mkubwa huitwa jinji, si bap, na kula kwake kuna kitenzi chake. Vitabu vyangu vitatu vilikuwa na maneno hayo yote, tena kwenye jedwali safi, nami nilikuwa nimeyakariri. Bibi akacheka, akanirudisha neno kwa neno hadi nikapatia, na tangu siku ile sijakosea tena. Jedwali nimelisahau. Uso wake naukumbuka.

Waliojifunza kwa tamthilia hukosea upande wa pili pia. Jumong, ile tamthilia ya sehemu 81 iliyorushwa na kituo cha MBC mwaka 2006 na 2007, ilipendwa mno Tanzania. Ni kisa cha kale cha wafalme. Kijana aliyeikariri akifika Seoul atamwomba mwenye duka maji kwa lugha ya mtumishi aliyepiga magoti mbele ya mtawala. Na aliyekariri tamthilia za mapenzi atamsemesha afisa wa uhamiaji kama mchumba.

Sasa nigeuze shilingi. Idara ya lugha ya wanadiplomasia wa Marekani, FSI, imekipanga Kikorea kwenye kundi gumu kuliko yote: wiki 88, saa 2,200 za darasani. Kiswahili kimepewa wiki 36. Vijana wetu husoma takwimu hiyo wakakata tamaa. Lakini hicho ni kipimo cha mtu mwenye Kiingereza tu kichwani. Mtoto wa Mukuyuni ana Kikamba alichonyonya, Kiswahili cha sokoni na shuleni, na Kiingereza cha mtihani. Kosa lake kubwa ni kuwapitisha Wakorea kwenye mlango wa Kiingereza ilhali milango ya karibu anayo miwili.

Chukua ukoo. Kaka mkubwa wa baba yako kwa Kikorea ni keun abeoji, baba mkubwa. Mdogo wa baba ni jageun abeoji, baba mdogo. Kiingereza huwatupa wote kwenye neno moja pamoja na mjomba. Mwanamke aliyezaa Seoul, majirani wanaweza kumwita kwa jina la mwanawe: Mama Jiwoo, Jiwoo eomma, vilevile kama Mama Mutua wa kwetu ambaye jina lake la ubatizo wengi hawalijui. Mhudumu wa mkahawa, akiwa ni mama wa makamo, huitwa imo, ndugu wa kike wa mama. Mwalimu huitwa Mwalimu, seonsaengnim, jina lake likae pembeni. Na neno la "wewe" ni la kuogopwa. Mkorea hamwambii mkubwa wake wewe, naye mtoto aliyelelewa Makueni haambiwi mara mbili kwamba mzee haitwi wewe.

Mama huwa ni "mama yetu", uri eomma, hata kama umezaliwa peke yako. Mbuzi hufa, mzee hufariki. Kwa Kikorea mzee "amerudi", doragasyeosseoyo. Ukimkuta mtu anatoka jasho shambani unamwambia sugohaseyo, na hapo mfasiri wa Kiingereza hubaki akikuna kichwa, wakati sisi tuna pole na kazi iliyokaa tayari. (Usimwambie bosi wako, lakini. Neno hilo huelekezwa kwa mwenzio au aliye chini yako, na wazee wa Kikorea hulichunga.) Ukiulizwa "hujala?" nawe hujala, utajibu ndiyo, sijala. Mkorea atajibu ne, ndiyo. Mwingereza ndiye anayejibu hapana hapo.

Hata kazi ya msikilizaji ni ileile. Kikorea humtaka anayesikiliza aitikie kila baada ya maneno machache: ne, ne, kweli?, kumbe!, aigo. Desturi hiyo huiita matjanggu, jina lililotoka kwenye ngoma yao ya janggu, wapigaji wawili wakiitikiana. Anayenyamaza kimya akisikiliza huonekana amekasirika. Sisi tuliokua na ehe, naam, na hadithi zisizoanza mpaka wasikilizaji waitikie, hatuhitaji somo refu hapo.

Sauti nazo. Kuna sauti tatu zinazomtoa jasho kila mgeni: bul ni moto, ppul ni pembe, pul ni nyasi. Kwa sikio la Kiingereza hazitengani vizuri. Mtu wa Mombasa anayo njia yake. Yeye hutofautisha kaa la moto na kaa wa baharini kwa pumzi, yule wa baharini akitoka na mshindo wa hewa, ingawa vitabu vya Kiswahili haviiandiki tofauti hiyo. Pumzi hiyo ndiyo iliyo kwenye pul. Mkamba pumzi hiyo hana, lakini ana kitu ambacho huenda kikamfaa zaidi. Kikamba ni lugha ya toni: sauti ikipanda au ikishuka, maana hugeuka. Na wataalamu wa fonetiki wameonyesha kwamba vijana wa Seoul wa leo hutenganisha bul na pul zaidi kwa kiwango cha sauti kuliko kwa pumzi. Pul huanza juu, bul huanza chini. Sikio la Mkamba limefundishwa kusikiliza juu na chini tangu mgongoni mwa mama. Linangoja kuambiwa tu kwamba hata hapa kazi yake ipo.

Taabu yetu ya kweli sisi wenye lugha za Kibantu iko mwishoni mwa silabi. Midomo yetu hupenda kumalizia kwa irabu, kwa hiyo bap hutoka bapu. Mkorea hufunga midomo kwenye ile p na kuiacha imefungwa, hewa isitoke. Chukua karatasi nyepesi, ishike mbele ya mdomo, sema bap. Ikitikisika mwishoni, rudia. Ni taabu ya mwezi mmoja, na ujifariji kwamba wao wana ugonjwa huohuo mbele ya maneno ya Kizungu: basi yetu kwao ni beoseu, keki yetu kwao ni keikeu.

Na tafadhali, achana na Kikorea kilichoandikwa kwa herufi za Kirumi. Mfumo unaotumika sasa ulitangazwa na serikali ya Korea mwaka 2000, na humo eo ni irabu moja, eu ni irabu moja. Mswahili akiona eo husoma e-o, kama alivyofundishwa darasa la kwanza, na jiji la Seoul, lenye silabi mbili, humtoka lina tatu. Mimi nimezitumia hapa sehemu kubwa kwa sababu wasomaji wengi hawajui herufi za Kikorea. Alfabeti ya Hangeul, iliyobuniwa na Mfalme Sejong mwaka 1443 na kutangazwa 1446, ina herufi za msingi 24. Wasomi wake walijigamba kwamba mtu mwerevu huijua kabla ya asubuhi kwisha. Ipe wiki moja, usiwe na haraka ya kifalme.

Nimefika kwenye swali lenyewe: kusema, lakini na nani?

Madarasa ya Kikorea yapo Nairobi, na nauli ya kila wiki kutoka Mukuyuni si mchezo. Ila Ukambani kuna kitu kinaitwa mwethya, na nashangaa hatukitumii kwenye lugha. Leo tunachimba matuta shambani kwako, kesho kwangu, hakuna anayelipwa na hakuna anayedaiwa zaidi ya zamu yake. Milima ya Machakos, enzi hizo ikiwa pamoja na Makueni kabla wilaya hazijatenganishwa mwaka 1992, iliokolewa kutoka kwenye mmomonyoko kwa matuta mengi yaliyochimbwa namna hiyo. Mazungumzo ya kujifunza lugha yaende vilevile. Chuo Kikuu cha Lugha za Kigeni cha Hankuk, Seoul, kimefundisha Kiswahili tangu miaka ya 1980. Vijana wake wana vitabu na wana walimu, lakini hawana wa kuwaambia kwa nini Mkenya husema "nimekam". Wanamhitaji binti wa Mukuyuni kama anavyowahitaji wao. Programu za simu za kuwakutanisha watu wa namna hii zipo, HelloTalk na Tandem kati yake, na hazilipishwi kuanza. Kinachohitajika ni bando na adabu.

Masharti ya mwethya ndiyo yatakayoiokoa kazi. Nusu saa Kikorea, nusu saa Kiswahili, na saa ipimwe, kwa sababu asiyepima huishia kufundishwa tu au kufundisha tu. Kiingereza kisiingie katikati. Ukikwama, zunguka kwa maneno uliyonayo, eleza, onyesha, chora. Kule kuzunguka ndiko kujifunza kwenyewe. Mwombe mwenzio asikusahihishe kila neno, achague kosa moja kwa mazungumzo, la mkia wa kitenzi likitangulia. Rekodi, kisha kesho yake ujisikilize ukipika. Inaumiza. Sijaona kinachofundisha haraka kama kusikia sauti yako ikisema bapu.

Kukiwa na wawili au watatu Mukuyuni penyewe wenye hamu hiyo, wasingoje Mkorea. Mmoja awe bibi, mwingine mjukuu, wazungumze habari ya maembe na machungwa, bei yake, yaliyooza, yaliyokwenda kiwanda cha Kalamba. Kisha wabadilishane: mjukuu awe bibi. Maneno yatabaki yaleyale na mikia yote itageuka. Zoezi hili nimelipenda kuliko yote niliyowahi kutumia darasani, maana linaweka mtu mbele ya mtu. Lina hatari yake, kwamba makosa ya mmoja huambukiza kikundi kizima, na dawa ni kumpata mwenye lugha angalau mara moja kwa wiki.

Kuhusu zile programu za akili bandia zinazozungumza, nitakuwa mfupi. Zitumie kupasha moto ulimi. Zina uvumilivu kupita mwalimu yeyote, nawe huzionei haya. Lakini ukizikosea heshima hazinyamazi kama meza ile ilivyoninyamazia, na kunyamaza kule ndiko kulikonifunza.

Mkenya aliyekwenda mbali kuliko wote katika safari hii ni mkimbiaji, Wilson Erupe Loyanae wa Turkana. Alishinda mbio za marathoni za Seoul mara nne, mwaka 2016 akitumia saa 2:05:13, na mwaka 2018 akapata uraia wa Korea. Jina lake la huko ni Oh Joo-han. Joo-han ni kukimbia kwa ajili ya Korea. Oh ni jina la ukoo la kocha wake, Oh Chang-seok, aliyefariki Mei 2021, miezi michache kabla mwanafunzi wake hajaivalia Korea jezi kwenye Olimpiki ya Tokyo. Aliingia katika lugha ile akiwa na mtu, na mtu huyo akawa jina lake. Sisemi kila mwanafunzi abadili ukoo. Nasema asiwe na Kikorea kisicho na mtu hata mmoja ndani yake.

Wakorea wana methali kwamba neno liendalo likiwa zuri, lirudilo huwa zuri. Neno lao hapo ni mal, yaani usemi. Hutofautisha hangugeo, Kikorea cha somo, na hangungmal, Kikorea cha kusemwa. Binti wa Mukuyuni anacho hangugeo, tena kingi. Kile cha pili hakijaanza.

Limebaki jambo moja la kumrahisishia, nami nililigundua kwa bahati. Wakorea wana hesabu mbili, hana, dul, set ya asili, na il, i, sam yenye asili ya Kichina. Saa husemwa kwa ya asili, dakika kwa ile nyingine. Aliyewahi kucheza taekwondo tayari anaijua ya kwanza. (Tusiwacheke: sita, saba na tisa zetu tulizipata kwa Waarabu.) Nchi yao iko mbele yetu kwa saa sita kamili, na sisi Waswahili tunaanza kuhesabu saa kwa macheo, saa sita baada ya Wazungu. Matokeo yake ni kwamba saa ya Kiswahili na saa ya Kikorea hazipishani namba. Saa moja asubuhi Mukuyuni, kwao ni han si, saa moja, mchana. Saa tatu yetu ni se si yao. Huna haja ya kujumlisha wala kutoa.

Basi, binti yangu, tafuta mwenzio wiki hii, na mpange Jumamosi saa tisa alasiri, jua likianza kupungua ukali na kazi za nyumbani zikiwa zimekwisha. Mwambie ahop si. Kwake itakuwa usiku, ameshakula, na saa yake itasoma tisa kama yako.